Mbiu ya Bei

Bei ni habari kabla ya kuwa fedha. Aijuaye huuza na kununua kwa macho. Asiyeijua hupapasa gizani. Watu wawili wenye mali sawa kwa uzito na ubora huweza kupata mapato mbalimbali, kwa kuwa mmoja alisikia mapema na wa pili alichelewa kusikia. Jambo hili nililiona kwanza Konza nilipokuwa mtoto, na leo ndilo msingi wa kazi niifanyayo, yaani kutengeneza programu za kompyuta zisafirishazo bei za masoko ya fedha.

Konza ni uwanda wa nyasi na upepo, kiasi cha kilomita 60 kusini-mashariki ya Nairobi. Reli ya zamani itokayo Mombasa hupita hapo, na tawi liendalo Magadi huanzia hapo. Mjomba wangu alifuga mbuzi katika uwanda huo. Mara kwa mara mnunuzi mmoja alikuja akitaja bei, na mjomba hakuwa na njia ya kuihakikisha. Nairobi ilikuwa karibu kwa safari, lakini mbali kwa masikio. Siku moja jirani aliyetoka mjini alitupa habari ya soko, tukafahamu kwamba mbuzi wetu walinunuliwa kwa nusu ya thamani yao. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akaniambia, “Mwanangu, yule hakunizidi akili. Alinizidi habari.”

Dhiki hiyo haikuwa ya wafugaji peke yao. Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na mwanzoni Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kushiriki, mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Kwa miaka mingi madalali wachache walipatana kwa simu. Mwaka 1991 ulifunguliwa ukumbi ambamo walikutana na kunadi kwa sauti. Aliyekuwa ukumbini alijua bei papo hapo. Aliyekuwa Machakos alingoja gazeti la kesho. Mwaka 2006 kompyuta zilianza kushika kazi ya kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi.

Lakini kompyuta kujua bei ni jambo moja, na kuifikisha kwa watu elfu moja ni jambo jingine. Njia ya kwanza ni kila mtu kuuliza kila mara, “Bei imebadilika?” Maswali huwa mengi kuliko majibu, na mtambo huelemewa. Njia ya pili ni mwenye habari kupeleka ujumbe mlango kwa mlango. Hapo wa kwanza husikia kabla ya wa mwisho, na katika soko la fedha kitambo kifupi mno kinatosha kumtajirisha mmoja kwa hasara ya mwingine. Njia ya tatu ni ya kale: kupiga mbiu.

Mpiga mbiu hakubisha hodi nyumba kwa nyumba. Alisimama mahali pamoja akatangaza mara moja, na kila mwenye haja akasikia. Programu za bei huiga desturi hiyo. Mtangazaji hutoa habari chini ya mada, kwa mfano jina la kampuni ambayo hisa zake zinauzwa. Msikilizaji hujiandikisha kwa mada aitakayo, na zisizomhusu hazimsumbui. Mtangazaji hana haja ya kuwajua wasikilizaji wake. Wakizidi au wakipungua, kazi yake ni ile ile. Katika mifumo mingi husimama kati yao programu ya upokezi, nayo wahandisi wameipa jina la dalali. Huyu ni dalali wa ajabu, maana hali faida na hafichi bei.

Katika miaka ya 1980, kampuni ya Teknekron, iliyoongozwa na Vivek Ranadivé, ilitengeneza huko Marekani programu ya namna hii iliyoitwa The Information Bus. Iliingia katika vyumba vya wafanya biashara wa fedha, ambao hapo kabla walirundika mezani skrini nyingi, kila moja ya mleta habari wake.

Mbiu hii ina adabu zake. Kila ujumbe hupewa nambari. Msikilizaji apokeaye wa 41 na kisha wa 43 hutambua kwamba wa 42 umepotea, akauomba. Aliye mzito wa kupokea hawezi kuachwa awacheleweshe wenzake. Na palipo na vifaa vinavyofaa, ujumbe husafiri mmoja tu, ukanakiliwa kwenye njia panda za mtandao, ili kila tawi lipate fungu lake karibu kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, mtambo hauna dhamira. Katika masoko mengi ya dunia, bei za papo hapo hulipiwa, na asiyelipa hupewa zilizochelewa, mara nyingi kwa dakika 15. Programu ile ile inaweza kuwasikilizisha wote au kuwatenga wengi. Uamuzi ni wa wanadamu walioisimamia.

Mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia huko Konza, katika ardhi ya ekari 5,000. Sasa kipo huko kituo kikubwa cha kuhifadhi data. Kenya pia imekwisha kuonja faida ya kueneza bei: shirika la Kenya Agricultural Commodity Exchange, lililoanzishwa mwaka 1997, lilikusanya bei za mazao masokoni na kuwafikishia wakulima kwa ujumbe wa simu. Basi kinachohitajika zaidi ni nia, kwani ufundi umekwisha kupatikana.

Msomaji kijana, huenda kesho ukawa mtunzaji wa mitambo ya namna hii. Utasifiwa ikiwa ya haraka, na haraka ni sifa njema. Lakini kabla ya kuuliza habari inakwenda upesi kiasi gani, uliza nani anaisikia kwanza, nani anaisikia mwisho, na ni nani ambaye haisikii kabisa. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jambo hilo likiwa la watu wote, ni haki mlio wake ufike kwa watu wote.