Kovu la Baba

Nyumbani kwetu Kilakala, mjini Morogoro, ipo picha moja tu ya marehemu baba iliyopigwa alipokuwa kijana. Ni ya mwaka 1991. Amesimama mbele ya nyumba, ameshika usukani wa baiskeli, na nyuma yake Milima ya Uluguru imejifunika ukungu. Miaka mingi ukutani iliipausha, na unyevu wa masika ukaitia madoa. Arobaini ya baba ilipokaribia, mama alitaka picha ya kuweka sebuleni. Nikaichukua hiyo, nikaipeleka mjini kwa kijana mmoja anayetengeneza picha kwa kompyuta.

Kijana aliifungua picha katika Photoshop, programu ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1990. Ndani yake alikuwa amechomeka programu-jalizi kadhaa, yaani programu ndogo zinazoiongezea ile kubwa uwezo. Moja iliondoa mikwaruzo, ya pili ikarudisha rangi, ya tatu ikafukuza ukungu milimani, na ya nne ikalainisha ngozi. Haikupita nusu saa. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake nikisifu kila badiliko, na nilimlipa kwa furaha.

Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni baba, mama."

"Baba yako alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Liko wapi?"

Kovu lile nililijua tangu utotoni, lakini chanzo chake baba hakupata kunieleza. Siku hiyo mama alinieleza. "Uchungu wako ulipoanza, usiku, alipanda baiskeli kwenda kumwita mkunga. Taa ilikuwa haiwaki. Akaanguka mteremkoni. Alirudi na mkunga huku damu inamtiririka usoni, wala hakuketi mpaka alipokusikia unalia. Leo wewe ndiye wa kulifuta?"

Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilirudi kwa yule kijana, naye akanieleza bila kinyongo. Ndani ya kompyuta picha ni mamilioni ya nukta, na kila nukta ni namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kuanzia 0 hadi 255. Programu ya kulainisha ngozi huilinganisha kila nukta na jirani zake, kisha huzisawazisha. Penye mstari wa ghafla huona dosari. Mkwaruzo wa karatasi na kovu la mwanadamu, kwake ni kitu kimoja.

Kugusa picha si jambo jipya. Wapiga picha wa zamani walichonga penseli wakarekebisha negativu, na wengine walipaka rangi kwa mkono juu ya picha nyeusi na nyeupe. Lakini fundi yule ilimlazimu kuutazama uso kabla ya kuugusa, ilhali leo amri moja yaweza kupita juu ya nyuso mia kwa kipimo kile kile.

Bahati njema, kijana alikuwa ameihifadhi nakala asilia. Safari hii kila badiliko aliliweka katika tabaka lake, ili liweze kupunguzwa au kuondolewa pasipo kuidhuru picha yenyewe. Madoa ya unyevu yakatoka, rangi zikarejea, na uso akauzungushia mpaka ili programu isiuguse. Hata ukungu uliachwa, maana mama alisema asubuhi za masika hakupata kuiona Uluguru bila ukungu.

Ndugu msomaji, simlaumu kijana wala mashine yake. Mwenye kosa ni mimi, niliyemjua baba nikanyamaza. Ukipeleka picha ya mzazi wako kwa fundi, hakikisha kwanza kwamba ipo nakala isiyoguswa. Kisha mweleze lipi ni doa na lipi ni sura ya mtu, maana yeye hana namna ya kujua. Na kabla haijachapwa, mwonyeshe aliyeishi na marehemu.

Picha ile sasa iko sebuleni. Wageni wakiuliza habari za kovu, mama hunitazama mimi, nami husimulia.