Lesotho: Farasi Asiyetaka Kwenda Peke Yake

Mgeni afikapo Semonkong, mji mdogo ulio katikati ya milima ya Lesotho, huona jambo ambalo katika sehemu nyingi za Afrika halionekani. Mbele ya maduka, mahali ambapo kwingine pangesimamishwa pikipiki na magari, wamefungwa farasi. Wamesimama kimya kwa safu, tandiko mgongoni, wakiwangojea wenyewe walioingia kununua sukari, mafuta ya taa na unga. Mwanamume hutoka dukani, hujifunika blanketi lake zito la sufu, hufunga gunia nyuma ya tandiko, akapanda na kwenda zake mlimani. Mji huo uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, yapata kilomita 120 kutoka Maseru, mji mkuu. Jina lake maana yake ni mahali pa moshi. Moshi wenyewe si wa moto, bali ni mvuke wa maporomoko ya mto Maletsunyane, yanayoanguka mita 192 katika korongo lisilo mbali na mji.

Lesotho yote imezungukwa na nchi moja tu, Afrika ya Kusini, na hakuna sehemu yake hata moja iliyo chini ya mita 1,000. Kilele chake kirefu, Thabana-Ntlenyana, kina mita 3,482. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti theluji huanguka huko juu na njia hufungika. Baridi hiyo inayowatesa watu ndiyo iliyowaneemesha farasi. Katika maeneo mengi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati mbung'o waliwazuia farasi wasistawi, kwani ugonjwa wanaouleta huua farasi upesi kuliko unavyoua ng'ombe. Katika milima ya Lesotho hakuna mbung'o, na hata ule ugonjwa mwingine mkubwa wa farasi unaoenezwa na visubi hupungua nguvu penye baridi.

Hata hivyo Wasotho hawakuwa na farasi tangu asili. Waliwapata katika miaka ya 1820 na 1830, wakati wa vita na misukosuko, kutoka kwa watu waliotoka kusini na magharibi wakiwa na farasi na bunduki. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyewakusanya watu wake juu ya mlima wa Thaba Bosiu tangu mwaka 1824, aliona mara moja faida ya mnyama huyo. Kabla ya karne kufika nusu, taifa la watembea kwa miguu lilikuwa limegeuka taifa la wapanda farasi. Jeshi la Kiingereza lilipokuja mwaka 1852 kuchukua ng'ombe, lilikutana na maelfu ya wapanda farasi katika uwanda wa Berea, likaona heri kurudi. Katika Vita vya Bunduki vya mwaka 1880 na 1881, serikali ya Cape ilipotaka kuwanyang'anya Wasotho silaha, farasi hao hao wadogo ndio waliowawezesha kuzibakiza. Jeshi la polisi, lililoanzishwa mwaka 1872, hata leo lina neno la wapanda farasi katika jina lake, na huko milimani askari bado hupanda farasi wanapowafuata wezi wa mifugo.

Farasi wa Kisotho si mrefu. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama kando yake huona upande wa pili bila shida. Lakini kwato zake ni ngumu, miguu yake haikosei jiwe, na wengi wao wana mwendo wa telki ambao haumrushi mpandaji, hata mzee anaweza kukaa juu yake kutwa nzima. Hizo ndizo sifa zinazosimuliwa. Lisilosimuliwa sana ni kwamba farasi huyo hodari naye ana woga, na woga wake mkubwa ni kutengwa na wenzake.

Jambo hilo si dogo katika nchi ya namna hii. Juu ya vijiji kuna vituo vya malisho viitwavyo metebo, na huko vijana wachungaji hukaa miezi mingi na kondoo na ng'ombe katika vibanda vya mawe. Mchungaji akiugua, au mtu wa kijiji cha mbali akiwa anatumia vidonge vya kifua kikuu, mtu lazima apande kumfikia. Mara nyingi huyo mtu yuko peke yake, naye hutegemea mnyama mmoja.

Kijana mmoja wa upande wa Semonkong alikuwa na kazi ya kupeleka dawa za zahanati katika vijiji vya mlimani. Kwa miaka kadhaa alikuwa na farasi wawili, jike lililokomaa na dume dogo la rangi ya kijivu, aliyehasiwa, ambaye alibebeshwa mizigo na kufuata nyuma. Majira moja ya baridi lile jike likafa. Akabaki yule wa kijivu, mwenye umri wa miaka mitano, mwenye nguvu, asiye na ila yoyote, ila tu hakuwa amewahi kuona njia bila ya kuona mkia wa mwenzake mbele. Siku ya kwanza alikwenda mpaka kwenye kijito cha mwisho cha kijiji, akainua kichwa, akalia kwa sauti kubwa, akageuka na kurudi mbio. Siku ya pili vivyo hivyo. Vidonge vya kifua kikuu havitaki kukatizwa, na wagonjwa wanne walikuwa wakingoja. Kijana akalazimika kwenda kwa miguu, siku mbili kwenda na kurudi, na muuguzi wa zahanati akamwambia kwa upole kwamba kazi ile haiwezi kufanywa hivyo mwaka mzima.

Ndipo akaenda kwa mzee mmoja jirani, askari polisi mstaafu, aliyekuwa amewapanda farasi wa serikali kwa muda mrefu wa utumishi wake.

"Ntate-moholo," alisema kijana, kwa neno wanalomwitia babu, "farasi wangu ni mwoga. Nifanyeje?"

Mzee hakujibu. Alilivua tandiko, akapitisha vidole vyake polepole mgongoni mwa mnyama. Karibu na mabega farasi akajikunja. Gunia lililokunjwa chini ya tandiko lilikuwa limefanya kidonda kidogo, hakijazidi ukubwa wa sarafu. Akamfungua kinywa akatazama meno na pembe za midomo, akapunga mkono taratibu pembeni mwa kila jicho kuona kama linapepesa.

"Kwanza mwache mgongo upone," alisema. "Farasi mwenye maumivu hana nafasi ya kujifunza ushujaa."

Juma zima likapita katika maji ya chumvi na kupumzika, na kijana alikwenda tena kwa miguu mlimani, akinung'unika moyoni.

Ili kuyafahamu yaliyofuata, msomaji hana budi kukumbuka farasi ni mnyama wa namna gani. Yeye ni mla nyasi ambaye porini huwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote, isipokuwa mahali padogo mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Silaha yake kuu ni kukimbia. Katika kundi kazi ya kulinda hugawanywa: baadhi hulala wakati mwingine amesimama akisikiliza. Askari yeyote aliyewahi kulinda lindo la usiku peke yake anaelewa tofauti. Mkiwa watatu, kila mmoja analinda upande wake. Ukiwa peke yako, kila kijiti kivunjikacho ni chako. Farasi anayetolewa kundini hajawa mkaidi, amebebeshwa lindo la pande zote, na mpandaji asipomsaidia kulibeba, atarudi kwenye kundi.

Mafunzo yakaanza kwa miguu. Kijana alimwongoza farasi kwa kamba kutoka zizini, si mpaka mahali alipozoea kugeuka, bali hatua kumi kabla ya hapo. Wakasimama. Farasi akaachwa ale nyasi mpaka shingo yake ikalegea, kisha wakarudi kwa mwendo ule ule wa polepole. Kesho yake walisogea hatua ishirini zaidi. Mzee alisisitiza kwamba ni lazima kurudi kabla farasi hajaanza kuhangaika, kwa sababu akirudishwa baada ya kuhangaika atafikiri kwamba fujo zake ndizo zilizomrudisha. Kijana aliona kazi hiyo kuwa ya kitoto, na majirani walicheka walipomwona mtu mzima akitembea na farasi mwenye tandiko bila kumpanda.

Baadaye mzee alileta jike lake. Wakapanda wote wawili, jike likitangulia. Kila walipofika mahali pa wazi, yule wa kijivu alisogezwa mpaka kichwa chake kikawa sawa na bega la jike, halafu sawa na kichwa, halafu akatangulia urefu wa mwili mmoja, kisha jike likachukua tena nafasi ya mbele kabla hajaanza kutazama nyuma. Siku zilizofuata alitangulia mbali zaidi. Hatimaye mzee alisimama na jike penye kona ya mlima, na kijana akapita kona, akahesabu pumzi kumi, akarudi. Halafu ishirini. Halafu hamsini.

Kosa likatokea juma la nne. Mfuko mweupe wa plastiki ulikuwa umenasa katika uzio ukipigwa na upepo. Farasi akasimama kama nguzo. Kijana, ambaye wagonjwa wake walikuwa wakimjia akilini kila usiku, alishikwa na hasira, akampiga kiboko mara mbili. Mnyama akainuka kwa miguu ya nyuma, akageuka, na safari hiyo hakusimama mpaka zizini, hatamu zikiburuta chini na mpandaji akifuata kwa miguu, akichechemea.

"Sasa anajua ukweli," alisema mzee. "Aliogopa mfuko bila ushahidi, nawe umempa ushahidi. Penye mfuko pana kiboko."

Ikabidi kuanza tena karibu na mwanzo. Mfuko wenyewe ulichukua siku tatu. Farasi alisogezwa mpaka alipouona, akaachwa autazame kwa macho yote mawili, akageuzwa pembeni kidogo na kupumzishwa, akasogezwa tena. Siku ya tatu alinyosha shingo, akaunusa, akatoa pumzi kwa kishindo puani na kuanza kula nyasi chini yake.

Lakini mzee alikuwa ameliona jambo jingine, nalo lilimhusu kijana zaidi kuliko farasi. Kila walipokaribia kijito, kijana alibana magoti, alivuta hatamu na kuzuia pumzi. Kwa farasi hiyo ni habari kamili. Mlinzi mwenzake wa juu ameona chui. Basi mzee akamwamuru aimbe. Wachungaji wa Kisotho huimba sana njiani, na mtu anayeimba hawezi kuzuia pumzi. Kijana aliona haya, kwani sauti yake haikuwa nzuri, lakini aliimba, na masikio ya farasi, ambayo siku zote yalielekea nyuma kijijini, yakaanza kumgeukia yeye.

Mzee alikuwa na kanuni nyingine ambazo kijana alizishika bila kuulizana. Kurudi nyumbani ni kwa mwendo wa polepole, na nusu kilomita ya mwisho ni kwa miguu, mkanda wa tandiko ukiwa umelegezwa, ili nyumbani pasiwe mahali pa kukimbiliwa. Huko mbali apewe chumvi kidogo na muda wa kula, ili ugenini nako pawe na raha. Njia ikiwa nyembamba kando ya genge, farasi akishtuka, mpandaji asishindane naye hapo. Ateremke upande wa juu wa mlima na kumwongoza mpaka penye nafasi. Na asiondoke kabla ya kuwaambia wa nyumbani anapita njia gani na anatazamiwa kurudi lini, maana milima hiyo hubadilika hali ya hewa katika saa moja.

Juma la tisa kijana aliondoka alfajiri na mfuko wa dawa kifuani chini ya blanketi. Penye kijito farasi alisimama, akainua kichwa, akalia. Kutoka zizini jike la mzee likajibu. Hapo palikuwa pagumu. Kijana hakumpiga wala kumvuta. Alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kuimba, na baada ya muda sikio moja likageuka, na mguu mmoja ukaingia majini.

Walirudi jioni ya siku ya pili, kijana akiwa mbele kwa miguu na kamba mkononi. Mzee alikuwa amekaa penye ukuta wa zizi. Alisimama, akaingiza mkono chini ya tandiko kupima mgongo, akapapasa kifua cha farasi na kukuta jasho limekwisha kauka.

"Wagonjwa umewakuta?" aliuliza.

"Watatu, Ntate-moholo. Wa nne amehama na kondoo, yuko bonde la chini. Nitamfuata Alhamisi."

"Kwa njia ipi?"

Kijana akaonyesha kwa kidevu upande wa magharibi, kwenye njia ambayo yule wa kijivu alikuwa bado hajaiona. Mzee akaitazama kwa muda, kisha akaenda kulitafutia jike lake nyasi, kwa kuwa kesho yake asubuhi lingetakiwa kutangulia tena.