Sindano ya taifodi: nani aliijaribu kabla ya watoto wetu?

Leo naomba tuongee kuhusu taifodi. Ndiyo, taifodi ile ile ambayo hapa mjini kila mtu "anayo". Ukiumwa kichwa, taifodi. Ukichoka, taifodi. Unaingia zahanati ya mtaani, unatolewa tone la damu, baada ya muda mfupi unatoka na mfuko wa dawa.

Kilichonisukuma kuandika ni ujumbe wa dada yangu aliyeolewa Nairobi. Ilikuwa Julai 2025, Kenya ilipoanza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Aliniandikia: "Mdogo wangu, wewe ndiye mwandishi wa habari. Shuleni kwa mtoto wanachanja Jumatano. Huku mtaani wanasema watoto wetu wanafanyiwa majaribio. Nimpeleke au nimfiche?"

Sikutaka kumjibu kwa "serikali imesema". Nikakaa chini nikasoma.

Kwanza, hofu yake ina mizizi. Mwaka 1985, chanjo ya taifodi ya kizazi kilichotangulia ilijaribiwa kwa watoto wa shule zaidi ya 11,000 huko Transvaal Mashariki, Afrika Kusini. Iliwakinga kwa kama asilimia 64 katika miezi 21. Ni matokeo yaliyosaidia dunia nzima. Lakini kumbuka mwaka wenyewe: wazazi wa watoto wale walikuwa Waafrika chini ya makaburu, hawakuwa na haki hata ya kupiga kura. Mtu akiuliza maswali juu ya sindano, tusimcheke.

Chanjo ile ilikuwa na kasoro nyingine: haikufanya kazi vizuri kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Ndipo wataalamu wakaunganisha kipande cha ganda la bakteria na protini, ili mwili wa mtoto mdogo nao uitambue. Hiyo ndiyo iliyoletwa Kenya.

Je, ilijaribiwa wapi? Hapa jirani, Malawi. Katika jiji la Blantyre, kuanzia mwaka 2011 wagonjwa wa taifodi waliongezeka sana, na vijidudu vilikuwa sugu kwa dawa za kawaida. Mwaka 2018, kwa ridhaa ya wazazi, zaidi ya watoto 28,000 wa miezi 9 hadi miaka 12 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa chanjo ya taifodi. Nusu nyingine walipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo hakuna aliyechomwa maji matupu. Wazazi hawakujua mtoto wao kapata ipi.

Halafu wakasubiri. Mtoto akipata homa, damu yake inaoteshwa maabara kuona kama kweli kuna bakteria wa taifodi. Sio kile kipimo chetu cha haraka ambacho humkuta karibu kila mtu na taifodi. Na hapo ndipo penye siri: usipokuwa na uhakika nani anaumwa nini, huwezi kujua kama chanjo inafanya kazi.

Matokeo yakatoka mwaka 2021. Waliochanjwa taifodi, waliougua ni 12. Wale wengine, 62. Yaani kati ya kila watoto watano ambao wangeugua, wanne waliepushwa. Baada ya zaidi ya miaka minne kinga ilikuwa bado karibu asilimia 78. Malawi yenyewe ikaanza kuchanja nchi nzima mwaka 2023.

Nimewafikiria sana wale 62. Kwenye ripoti ni tarakimu. Kwa mama zao ni usiku wa homa, ni siku za kukosa shule. Waliugua, na kwa kuhesabiwa kwao sisi tukajua.

Nikamjibu dada: "Majaribio yalishafanyika, na waliojaribiwa ni watoto wa Blantyre. Wako anapewa jibu. Mpeleke." Alimpeleka. Mkono ulimuuma siku moja, basi.

Lakini wandugu, tusidanganyane. Wanne kati ya watano sio watano. Taifodi inapita kwenye maji na chakula chenye uchafu wa choo. Kuna shule hapa hapa mjini ambazo mtoto anatoka chooni na hakuna bomba la kunawa, na nje ya geti anamsubiri muuza maembe aliyekatwa tangu asubuhi. Sindano inampunguzia hatari mtoto wako, haimchimbii kisima.

Sasa niwaulize ninyi mnaolipa ada: ni lini mara ya mwisho mliingia vyoo vya shule ya watoto wenu?