Siku Saba za Kuhudumiwa

Nilipotimiza miaka 70, mwanangu anayeishi Houston, Texas, alinipigia simu akasema mwaka huu hatanitumia kitenge wala fedha. Atanikatia tiketi niende nikamwone yeye, mkewe na wajukuu, kisha sote sita tutapanda meli. Nikamuuliza meli hiyo inakwenda wapi. Akanijibu, "Haiendi popote, Mama. Inazunguka tu na kurudi."

Jibu hilo lilinikaa kichwani siku nyingi. Mimi ni mtu wa Mwanza. Kwetu mtu hupanda meli akiwa na sababu: anakwenda Bukoba msibani, anafuata ndizi, anampeleka binti shule. Meli ambayo watu wanalala humo usiku saba, wanakula, wanacheza muziki, halafu wanashuka palepale walipopandia, ilikuwa habari mpya kwangu. Katika jumuiya yetu wapo walioniambia kwa upole kwamba pengine si mahali pa mzee wa kanisa. Mchungaji alicheka, akasema hata mtume Paulo alisafiri sana majini. Nikamwambia Paulo alikuwa mfungwa, hakuandaliwa bafe.

Tuliondoka bandari ya Galveston siku ya Jumapili alasiri. Meli yenyewe sitaitaja jina. Ilikuwa kama mtaa mzima wa ghorofa uliosukumwa majini, wenye maduka, mabwawa ya kuogelea na ukumbi wa maigizo. Kabla ya kung'oa nanga kila abiria huonyeshwa kituo chake cha kukusanyikia na namna ya kuvaa jaketi la kuokoa maisha. Si mapenzi ya nahodha, ni sheria ya mataifa. Mkataba wa usalama wa maisha baharini ulitungwa mwaka 1914, baada ya Titanic kuzama mwaka 1912. Na mwaka 2012, meli ya kitalii Costa Concordia ilipopinduka pwani ya Italia na kuua watu 32, wapo abiria waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo na hawajaonyeshwa lolote. Ndipo ikaamuliwa kwamba mafunzo hayo yafanyike kabla meli haijaondoka, au mara tu inapoondoka.

Wenzetu wengi walikuwa wakipiga soga, glasi mkononi. Wajukuu wangu nao walianza kuchekana. Niliwashika mkono nikawaambia wanyamaze. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kufika kwetu, ikachukua watu zaidi ya 800. Darasani mwangu walikuwamo watoto waliokuwa wakisubiri wazazi wao washuke kwenye meli hiyo. Wengi wa waliopatikana tuliwazika Igoma, na makaburi yale yapo mpaka leo. Kijana anaposimama mbele yenu kuwaeleza namna ya kubaki hai, na ninyi mnamcheka, hiyo kwangu si utovu wa adabu mdogo. Niliwaambia wajukuu habari hiyo usiku ule kabla ya kulala, kwa ufupi. Baba yao pia alisikiliza. Alikuwa mtoto wakati ule, hakuwahi kuuliza.

Nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 27, maana safari ile ndiyo pekee ninayoijua kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu 276 ndani ya chombo kimoja, na dhoruba ya siku nyingi. Kinachonigusa kila nisomapo ni pale mabaharia wanapojifanya wanashusha nanga kumbe wanataka kutoroka na mashua, na Paulo anamwonya akida kwamba hao wasipobaki chomboni wengine hawataokoka. Abiria, askari, mfungwa na baharia, uhai wao ulikuwa mmoja. Sikujua kwamba neno hilo ndilo ningeishi nalo wiki nzima.

Adabu za abiria wa meli ya namna ile ukitaka kuzijua, amka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka kwenda kusali mahali penye hewa, nikakuta viti vya kulalia karibu vyote kando ya bwawa vimeshatandikwa taulo. Kwenye kimoja kuna ndala, kwenye kingine kitabu, na wenyewe wamerudi vitandani. Kulikuwa na tangazo kwamba kiti kisicho na mtu kwa dakika 30 kitaachiliwa kwa mwingine. Sikuona hata kimoja kikiachiliwa. Baadaye, jua lilipokuwa kali, nilimwona baba mmoja akizunguka na mtoto mgongoni akitafuta kivuli, huku mataulo yamejipumzisha. Mwinjilisti Luka, sura ya 14, anaeleza jinsi Bwana Yesu alivyoalikwa chakulani akawatazama wageni wakijichagulia viti vya mbele. Wale wa Luka angalau walikalia viti vyao.

Mengine nitayapita haraka, kwa sababu hata kwenye harusi zetu tunayaona: anayejaza sahani kama kichuguu kisha akaiacha, anayeingia kwenye lifti kabla wengine hawajatoka, anayempita kijana wa kunawisha mikono mlangoni pa bafe kana kwamba ni nguzo. Hili la mikono lilinishangaza kidogo. Ugonjwa wa kuhara na kutapika huenea upesi sana katika meli, ndiyo maana yule kijana husimama pale kila mlo. Sisi tuliolelewa na birika na beseni tulinyoosha mikono bila kuambiwa.

Lakini jaribu langu halikuwa bwawani wala kwenye bafe. Lilikuwa chumbani, kwa mtu aliyetutandikia vitanda.

Alikuwa na kibao kifuani chenye jina lake na nchi yake, Indonesia. Alihudumia vyumba vingi katika ujia wetu, asubuhi na jioni. Jioni aliacha taulo alilolikunja kwa umbo la mnyama: siku ya kwanza tembo, siku ya pili nyani aliyening'inizwa kwenye kiango. Mimi nililala chumba kimoja na mjukuu wangu mkubwa, wa miaka 14. Yeye alivua nguo zikabaki zilipoangukia, akaacha vipande vya piza juu ya zulia na taulo tatu zimelowa sakafuni. Nilipomtazama akasema, "Atafanya, Bibi. Ndiyo kazi yake."

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilifika tukiwa katikati ya maji, na hakuna aliyekuwa na jembe la kunipa. Basi nilikunja shuka zangu, nikaokota taulo, nikafuta meza. Sikumwambia mjukuu neno. Nilikuwa mgeni wa wazazi wake, na mtoto wa watu wawili hukaripiwa kwa kupimwa. Aliponiona nimeinama naye akainama akaokota moja, kwa uvivu, akalitupa bafuni. Nilishukuru kwa hilo moja.

Mhudumu ndiye aliyekataa. "Mama, ukitandika wewe, mimi watadhani sifanyi kazi," alisema kwa Kiingereza chake cha melini, nami nikamwelewa kwa changu cha darasani. Nikaacha. Miaka arobaini kanisani nimefundishwa kutumika: kupika, kufagia, kuosha miguu siku ya Alhamisi Kuu. Kuhudumiwa sikufundishwa na mtu. Petro naye lilimshinda, alipoona Bwana amepiga magoti mbele yake na beseni. Nilijifunza kidogo kidogo: kumwita kwa jina lake, kumpisha ujiani akiwa na toroli, kuuliza swali kisha kungoja jibu.

Ndipo akaniuliza kuhusu kitabu kilichokuwa kando ya kitanda changu. Alikuwa amekitambua. Mimi nilidhani watu wote wa Indonesia ni Waislamu, lakini alinieleza kwamba ametoka Manado, kaskazini mwa kisiwa cha Sulawesi, ambako Waprotestanti ni wengi. Mkataba wake ulikuwa wa miezi minane. Hakuna siku ya mapumziko ndani yake, ila saa za mapumziko. Mkataba wa kimataifa wa kazi za melini wa mwaka 2006 unataka baharia apate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24. Mwanawe wa pili alizaliwa yeye akiwa kazini, akamwona kwenye simu. Mama yake alikuwa mgonjwa. Aliponiomba nimwombee tulikuwa mlangoni, yeye ameshika shuka chafu. Niliomba kwa Kiswahili, yeye akaitikia kwa lugha yake, kisha akaenda chumba cha jirani. Haikuzidi dakika mbili. Ibada nyingine melini sikupata. Jumapili zetu zote mbili zilikuwa za kupanda na kushuka.

Usiku wa tano, tulipokuwa tumetoka Cozumel, mwanangu alinikuta nje nikitazama maji. Alikuwa na hesabu mkononi. Katika meli zile bakshishi huandikwa kwenye hesabu ya kila abiria kwa kila siku, juu ya nauli, na pato la wahudumu hutegemea sana fedha hiyo. Kwa watu sita na siku saba ni kiasi kinachouma. Mezani alikuwa ameambiwa na abiria mwenzake kwamba ukienda dirishani ukaomba, wanakiondoa. Wengi hufanya hivyo siku ya mwisho, foleni huwa ndefu.

"Kila kitu nimeshalipa, Mama," alisema. "Hao wana mwajiri wao."

Hapo hakukosea. Naamini mwenye meli ndiye anayepaswa kulipa mishahara kamili, asimwachie abiria. Lakini dirishani pale asingemgusa mwenye meli. Angemgusa mtu wa Manado. Tena fedha ilikuwa yake, na mimi nilikuwa nikila jasho lake kwa siku ya tano. Kumwambia mtu mzima aliyekualika jinsi ya kutumia fedha zake si jambo la kulirukia. Nilikaa kimya nikimwomba Mungu anipe namna ya kusema. Yakobo, katika sura ya tano, ameandika juu ya ujira uliozuiliwa na kilio chake kumfikia Bwana. Sikutaka kumpiga nao kichwani.

Nikamuuliza kama anakumbuka mwaka wake wa kwanza Houston. Alikuwa akifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwabadilisha nguo. Alikuwa akinipigia alfajiri, huku kwetu mchana, na mara moja alilia kwa sababu mzee mmoja alikuwa amemjua kwa jina. Wengine wote walimwita kwa kupiga kengele.

Hakujibu. Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Tulisimama pale mpaka mkewe alipokuja kutuita kwa sababu mdogo alikuwa amekataa kulala.

Jioni ya mwisho abiria huacha masanduku nje ya mlango ili yachukuliwe usiku. Mjukuu wangu alitoa la kwake na la kwangu bila kuambiwa, na nilimsikia ujiani akimuuliza mhudumu wanavyosema asante kwao. Alfajiri nikaona hesabu ya mwisho imepitishwa chini ya mlango wa mwanangu. Aliisoma, akampa mkewe, naye akaitia kwenye mkoba. Baadaye mkwe wangu alinionyesha: siku zote saba zilikuwapo, kwa watu wote sita.

Tulipotoka, mhudumu alikuwa ameshaanza kuvua mashuka, maana abiria wengine wangepanda mchana uleule. Mjukuu alisimama mlangoni akasema, "Terima kasih," akataja na jina lake. Yule kijana aliinua kichwa, akacheka, akamsahihisha matamshi. Kabla hatujafika kwenye lifti tukasikia mashine ya kufyonza vumbi ikianza kuunguruma chumbani mwetu.