Mkokoteni wa Harold

Huenda umepata kusikia, msomaji, kwamba Waingereza ni watu wagumu wa kucheka. Asemaye hivyo hajauona mchezo uitwao Steptoe and Son, ambao BBC iliuonyesha katika televisheni kuanzia mwaka 1962 mpaka 1974. Waliouandika ni watu wawili, Ray Galton na Alan Simpson, na wakazi wa nyumba ile nao ni wawili tu: mzee Albert Steptoe, mjane, na mwanawe Harold. Hukaa Shepherd's Bush, London, katikati ya vikorokoro vya kila namna, kwani riziki yao ni kuzunguka mitaani na farasi na mkokoteni, wakikusanya vyuma vikuukuu na matambara ili wayauze tena.

Mzee ni mchafu, mjanja, tena hana haya. Harold husoma vitabu, hutamani divai na marafiki wa heshima, na kila siku huapa kwamba atahama. Akipata mchumba au safari, baba hukosa hila? Hata! Maradhi humjia mzee kwa wakati wake. Mwaka 1972 waligombana hata wakaigawa nyumba kwa ukuta wa mbao, kila mtu na upande wake.

Uingereza nzima ilikuwa ikiwatazama. Siku ya uchaguzi wa Oktoba 1964, Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, aliogopa kwamba wafanyakazi wangeketi kumtazama Harold mwenzake badala ya kwenda kupiga kura. Aliiomba BBC iuchelewesheshe mchezo, ikakubali. Chama chake kilishinda kwa viti vinne tu. Basi usiidharau nguvu ya kichekesho.

Lakini nisemalo hasa ni lile onyesho la kwanza kabisa, la Januari 1962. Harold amechoka. Anapakia mali yake yote mkokotenini, anaaga. Baba anamnyima farasi. Vema, atauvuta mwenyewe! Anashika mikono ya mkokoteni, anavuta, hauendi. Anavuta tena, anasukuma, anausihi kama mtu amsihivyo mtu, mwisho analia. Nilipouona mara ya kwanza kicheko kilinikauka kooni.

Wako wasemao kwamba mzigo ulikuwa mzito, basi. Mimi sikubali. Mtu aliyekata shauri kweli angeuacha mzigo akaenda na nguo zake za mwilini. Harold alijua, kabla hajagusa mkokoteni, kwamba yule mzee hatakuwa na wa kugombana naye jioni. Wala sisemi kwamba ni upendo mtupu. Hofu yake mwenyewe ilikuwamo pia, maana duniani alikokutamani hakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akimngojea.

Albert hakumcheka. Alimwita ndani taratibu, wakanywe chai.