Ajala Si Ajali

Kwa Kiarabu cha Juba, baiskeli inaitwa ajala. Sisi tulioingia hapa na Kiswahili chetu, wengine kutoka Kivu, wengine kutoka Burundi, wengine tumesomea Kakuma, siku ya kwanza tulisikia "ajali". Mzee mmoja sokoni Konyo Konyo alituuliza kama tunataka kununua ajala. Tukamjibu, hapana mzee, ajali tumeshapata za kutosha. Alicheka bila kuelewa, sisi tukacheka kwa kuelewa, na mwisho tukainunua. Ilikuwa nyeusi, nzito, haina gia, na kengele yake ililia ikitaka yenyewe.

Leo tunawaandikia juu ya ajala na baridi. Tunajua mtashangaa. Juba na baridi wapi na wapi? Mwezi wa tatu 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto, na mwezi wa pili 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Huo ndio mji wetu. Lakini aliyewahi kuendesha baiskeli kutoka Gorom mpaka mjini huku mvua ikimpiga njia nzima, anajua baridi haingoji theluji.

Kwa wasiopajua, Gorom iko nje ya Juba, zaidi ya kilomita 20. Mwanzoni ilikuwa kambi ndogo, wengi wake wakiwa Waanyuak kutoka Ethiopia. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 watu wakawa wengi kuliko nafasi. Sisi ni vijana wa kujitolea. Tunapita nyumba kwa nyumba kuongea juu ya maji safi na kunawa mikono, tunatafsiri kliniki, tunapeleka taarifa kwa wazee wasiokuwa na simu. Tuko na baiskeli mbili. Ya kwanza ni ile ya Konyo Konyo. Ya pili ina hadithi yake, na hiyo hadithi ndiyo imetufanya tuandike.

Ya pili ilikuwa ya mwenzetu mmoja. Jina lake tunaliacha, sisi tunamwita Msafiri. Tulimpa hilo jina mwishoni mwa 2024, alipopewa tarehe ya kusafiri kwenda Marekani. Alikuwa amengoja miaka. Alipitia mahojiano, vipimo vya hospitali, na darasa la maandalizi ambako walifundishwa maisha ya kule, hasa baridi. Jioni alikuwa anarudi kutufundisha na sisi: usivae koti moja nene, vaa nguo tatu. Ya kwanza inayogusa ngozi iwe kavu, ya pili ilete joto, ya tatu izuie upepo na maji. Pamba ikilowa ni adui yako. Linda vidole, masikio na kichwa. Tulikuwa tumekaa nje na fulana, jasho linatutiririka, tunamsikiliza kama watoto wanaosimuliwa hadithi ya sungura na fisi.

Akatuambia akifika atanunua baiskeli, na ataiendesha hata kwenye theluji. Hatukumwona kama mwongo, kwa sababu mwenzetu mwingine anafanya hivyo tayari. Yeye alipelekwa Finland miaka kadhaa iliyopita, anaishi Oulu, mji wa kaskazini ambako watu wanaendesha baiskeli majira yote. Anatutumia sauti za WhatsApp akiwa njiani, unasikia tu pumzi yake na krash krash ya theluji chini ya tairi. Anasema alfajiri magari ya mji yanasafisha njia za baiskeli kabla watu hawajatoka. Katikati ya Desemba jua linachomoza baada ya saa nne asubuhi na muda mfupi baada ya saa nane mchana limeshazama, kwa hiyo taa ni lazima kwenda na kurudi. Tairi zake zina misumari midogo ya kushika barafu. Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, kope zinaganda na ndevu zinakuwa nyeupe kama za babu. "Lakini vijana," anasema, "nikishafika kazini nikavua kofia, nasikia damu inacheza mwili mzima. Siku hiyo sina huzuni." Halafu anaongeza jambo ambalo hatulisahau: njiani hakuna anayemwita kwa jina.

Basi Msafiri akagawa vitu vyake. Godoro kwa jirani, sufuria kwa mama mmoja Mrundi, baiskeli kwetu. Tulipiga naye picha tumeishika, yeye kwenye usukani, sisi kwenye keria. Ilikuwa zawadi kweli, hatukuikopa.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Tarehe za watu zikafutwa. Yeye alipigiwa simu mchana, tukiwa naye. Alisema "sawa, asante" mara tatu, akaweka simu mfukoni, akatuuliza kama tumekula.

Ndugu zetu, hapa tunasema ukweli wetu. Baiskeli ilibaki kwetu. Yeye hakuiomba, sisi hatukuirudisha. Kila mmoja wetu aliwaza, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Tulijifariji kwamba ni ya kazi, si ya mtu. Mwezi wa nne mvua zikaanza na tukawa tunampita njiani, yeye kwa miguu kwenye tope, kandambili mkononi, sisi juu ya tandiko lake. Alikuwa anatupungia. Tulikuwa tunapiga kengele.

Agosti hiyo hiyo ya 2025, mama mmoja jirani alikuja kwetu jioni. Mtoto wake ana kifafa, na dawa anazotumia zilikuwa zimeisha kambini. Kilibaki kidonge cha kesho tu. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla, mtoto anaweza kuanguka vibaya kuliko mwanzo. Majirani walikuwa wamechanga pesa ya dawa, lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Bodaboda alitaja bei ambayo ingekula mchango wote. Tukasema tutakwenda na ajala. Walihitajika watu wawili, mmoja akikwama mwingine asaidie. Msafiri akasema, "Mimi naijua hiyo ya pili, breki yake ya nyuma inadanganya." Hakuna aliyejibu. Asubuhi akaja, tukampa usukani.

Wawili wetu tulitoka saa kumi na mbili asubuhi na manyunyu. Kuendesha kwenye tope la huku kuna elimu yake. Madigadi tulishayatoa zamani, maana tope linajaa kati yake na tairi, gurudumu linakataa kuzunguka. Tairi tunapunguza upepo kidogo lishike ardhi. Tunabeba kijiti cha kuchokonoa udongo kwenye breki, viraka, solusheni, pampu, na oili kidogo ya mnyororo kwenye chupa ya dawa ya macho. Penye dimbwi hatupiti katikati, hujui kina chake. Na kuna sehemu ambapo si wewe unayepanda baiskeli, ni baiskeli inayokupanda wewe: unaibeba begani, na ikishajaa tope ina uzito wa mbuzi.

Raha pia ipo, tusiwadanganye. Baada ya mvua hewa inakuwa nyepesi, vumbi hakuna, majani yananukia. Ukipata kipande cha njia kigumu unateremka bila kukanyaga pedali, maji yanaruka pande zote mbili, watoto wanakimbia pembeni wakipiga kelele "ajala! ajala!" Tulipouona mlima wa Jebel Kujur tulijua mji umekaribia, na Msafiri akaanza kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya.

Famasi ya kwanza hawakuwa nazo. Ya pili walikuwa nazo, za mwezi mmoja. Tulizifunga ndani ya nailoni mbili, tukazifunga tena na kamba tumboni, chini ya nguo.

Mvua kubwa ilitukuta tunarudi, saa nane. Hii siyo ile ya kulowa ukacheka. Iliambatana na upepo, ikatupiga usoni zaidi ya saa moja. Juba hata ikipoa sana haishuki mbali na nyuzi 20, mtu wa Oulu angevaa kaptula. Lakini ukilowa mpaka mfupani, njaa ikiwepo, upepo ukipita, mwili haujali namba. Tulitetemeka. Meno yaligongana. Vidole vilikufa ganzi, hatukuweza kukaza breki, na hapo ndipo ajala ilipotaka kuwa ajali: mmoja wetu alienda moja kwa moja kwenye mtaro. Goti lilichubuka, rimu ikapinda kidogo. Tulipapasa tumbo kwanza. Dawa zilikuwa kavu.

Msafiri akatuvuta chini ya bati la kibanda kimoja kilichofungwa. Akatoa kwenye keria mfuko wa nailoni, na ndani yake fulana mbili kavu. Hatukujua amezibeba. "Vua hiyo, pamba ikilowa ni adui yako." Akaokota boksi la sabuni, akalipasua vipande viwili, tukaweka kifuani juu ya fulana kavu. Juu yake tukavaa mifuko mikubwa ya nailoni iliyotobolewa shingo na mikono. Nguo kavu, kitu cha joto, kitu cha kuzuia upepo na maji. Somo lote la darasa lile, neno kwa neno, chini ya bati, njia ya Gorom.

Tulitazamana tukacheka mpaka machozi. Tulifanana na maboksi ya msaada. Kisha akanyamaza, akasema taratibu, "Si nimeshasoma? Acha nitumie." Tulitafuta la kumwambia, tukakosa. Tukanyoosha rimu kwa kuibana kwenye nguzo, tukaendelea.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu, giza limeingia. Yule mama alipokea dawa, akazihesabu, halafu akaanza kutugombeza. "Wanangu, mnataka kufa na baridi? Nitawaambia nini mama zenu?" Akatupa uji wa moto na kutufunika kanga zake. Mtoto alikuwa amelala. Kidonge cha mwisho alikuwa amekunywa asubuhi ile.

Usiku huo Msafiri aliondoka na baiskeli ya pili. Hatukumwambia chukua, na yeye hakuuliza. Kesho yake tuliiona imeegemea mlangoni kwake, imeoshwa, rimu imenyooka. Hakuna aliyekwenda kuichukua. Tukiihitaji tunapiga hodi, na kwa kawaida anatoka yeye mwenyewe kuiendesha. Kuhusu ile miezi tuliyompita njiani tukipiga kengele, tulimwomba msamaha wiki iliyofuata, mbele ya kundi zima. Alisema, "Mlichelewa, lakini mmefika." Bado anaangalia simu yake kila siku.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, ombi letu ni dogo. Mwaka huo posho zilipunguzwa na tunajua si ninyi mlioamua. Lakini ikitokea bajeti ya semina, msituletee tena fulana ya pamba yenye nembo. Tuleteeni makoti ya mvua, tyubu na viraka. Na dawa za magonjwa ya kudumu zihesabiwe kabla mvua haijafunga njia, siyo baada.

Kwa vijana wenzetu: mwaka huu tena mvua itakuja. Bebeni nguo kavu ndani ya nailoni, hata kama safari ni fupi. Na kama kuna mtu alikupa kitu siku aliyodhani anaondoka, halafu hakuondoka, usisubiri miezi saba. Nenda leo ukampigie hodi.

Tumemtumia kaka yetu wa Oulu picha ya yale maboksi kifuani. Alijibu kwa sauti, anahema, krash krash nyuma yake. Alisema amesimama katikati ya njia kucheka, na Mfini mmoja mzee naye akasimama kumuuliza kama yuko salama.