Zabibu za Dodoma, Maji ya Bagamoyo

Akina mama wenzetu, mnaposikia Rungwa msidhani tunasema Rungwe, ile ya Tukuyu yenye migomba na mvua nyingi. Rungwa yetu iko kusini mwa mkoa wa Singida, kwenye barabara itokayo Itigi kwenda Makongolosi hadi Mbeya, ubavuni mwa pori la akiba lenye jina hilohilo. Huku ni miombo, mizinga ya nyuki juu ya miti, tembo wanaoingia shambani bila hodi, na ndorobo wanaouma hata ndani ya gari. Kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa ni safari. Kwenda kwenye msiba wa ndugu ni safari. Lakini safari ya kwenda kupumzika tu, bila mgonjwa na bila msiba, hiyo hatukuwahi kuwa nayo.

Wazo lilitujia mwaka 2023. Mwenzetu mmoja alikwenda Dodoma kumwona binti yake chuoni, akaturudia na ndoo ya zabibu, nusu yake zimepondeka njiani. Tulizila palepale nje ya kanisa baada ya kikao cha akina mama. Mmoja akauliza, kama zinatoka hapo Dodoma tu, mbona hatujauona hata mti wake? Mwingine akadakia, “Na bahari je?” Tulipohesabiana tukakuta kati yetu ishirini na wawili, waliowahi kuiona bahari ni wanne. Siku hiyohiyo tukachagua kamati ya watu watano, na safari ikapata jina: zabibu na bahari.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya divai. Dodoma ndiko inakotoka divai ya nchi yetu, na zabibu zenyewe zililetwa na wamisionari wa Bihawana, nje kidogo ya mji, miaka ya 1950, ili wapate divai ya madhabahuni. Wengine wakaona hakuna ubaya kuona kinachotayarishwa kwa ajili ya meza ya Bwana. Wengine wakasema ile ya kanisani tunaiita divai, ya dukani tunaiita mvinyo, lakini pipa ni moja. Ndipo mama mmoja mkulima wa tumbaku, ambaye mumewe alimaliza fedha za msimu mzima kilabuni, akasimama. Alisema, “Mnataka kunipeleka nikatazame kitu kilichonivunjia nyumba?” Hakuna aliyemjibu. Baadaye tulikubaliana kwamba tutatembelea shamba na mtambo, tutakunywa maji ya zabibu yasiyochachuka, na asiyetaka kuingia kwenye mtambo asisemwe. Sisi tulio wauguzi tuliongeza letu. Mjamzito asionje pombe hata kidogo, na aliye kwenye dozi ya Flagyl asiiguse kabisa, kwani akichanganya anaweza kutapika na kwenda moyo mbio.

Kamati ilikaribia kutupoteza njia pia. Tulisikia zabibu ziko Makutupora, na sisi Makutupora tunayoijua ni ile ya wilaya ya Manyoni, inapopita reli. Kumbe Makutupora ziko mbili. Ya zabibu, yenye kituo cha utafiti, iko kaskazini mwa jiji la Dodoma. Msomaji ukipanga safari hii, usije ukamlipa mtu wa gari akakushusha Manyoni ukaulize mizabibu.

Msimu nao una mambo yake. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Agosti na Septemba, kisha tena Februari na Machi, kwa sababu haina majira ya baridi kali ya kuilaza kama Ulaya. Mkulima akishavuna huipumzisha, huipogoa, na baada ya miezi kama minne inazaa tena. Kwa sisi wa Rungwa uchaguzi ni mmoja. Februari barabara yetu ni tope, na basi likikwama huko msituni mnalala na tembo. Tukaandika Agosti 2024.

Mchango tukauweka shilingi elfu kumi kila mwezi kwa kila mama, na faida ya asali ya kikundi iongezewe humo. Tulijivuna sana kwa daftari letu. Kila mwezi majina yote yalikuwa na alama, hakuna aliyedaiwa. Baba zetu nao tuliwaita kikao, tukawasomea ratiba na majina ya dada na shangazi watakaobaki na watoto. Mmoja akauliza nani atamkamulia mbuzi. Tulimwambia atajifunza, na kweli alijifunza.

Siku nne kabla ya kuondoka tuliwapima wasafiri wote presha, kwani wengi wetu tumevuka miaka arobaini. Bibi yetu mmoja, mkubwa kuliko wote kikundini, alikuwa na 200 kwa 110. Tulimpumzisha, tukampima tena, ikawa ileile. Tukamuuliza juu ya vidonge vyake, kwani tulijua ni mtumiaji wa miaka mingi. Akanyamaza. Mwishowe akasema ameviacha tangu mwezi wa tano. Fedha ya nauli ya kwenda kuvichukua na ya kuvinunua ndiyo aliyokuwa akileta kwenye mchango. “Nyie wote mlikuwa mnatoa,” alisema. “Ningesemaje mimi siwezi?”

Wenzetu, sisi ndio tuliokuwa tukiwafundisha watu kliniki kwamba dawa ya presha haiachwi hata ukijisikia mzima. Na sisi ndio tuliokuwa tukiweka alama kwenye jina lake kila mwezi, tukifurahi.

Usiku ule kamati ilikaa hadi saa sita. Wengine walisema bibi abaki, arudishiwe fedha yake, sisi twende, kwani gari limeshalipiwa nusu na watoto wameshaagwa. Hoja ile haikuwa mbaya. Lakini yule mama wa tumbaku, ambaye wengi tulidhani ndiye angefurahi safari ikivunjika, ndiye aliyesema tungoje. Tukaahirisha kwa mwaka mzima. Mwenye gari alitukata sehemu ya malipo ya awali, na kuna dada wawili ambao hawakusema nasi kwa wiki kadhaa. Tunawaelewa.

Mwaka ule wa kungoja tulibadili utaratibu. Tuliacha kiwango kimoja kwa wote. Kila mama akawa ananong’ona kwa mweka hazina peke yake kile anachoweza, na mweka hazina anauliza swali moja: hii fedha umeitoa wapi? Kama ni ya dawa, ya ada au ya mbegu, hapokei. Pengo tuliliziba kwa asali na mishumaa ya nta. Bibi alirudia dozi, na tukapeana zamu ya kumpima kila juma. Kufikia Krismasi presha yake ilishuka, na ikatulia.

Kungoja kulituletea na jingine tusilolitegemea. Mwishoni mwa Julai 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na nauli ya kawaida ya mtu mzima ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Ile siku nzima ya basi ikawa saa tatu na nusu au nne. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba tiketi inataka kitambulisho. Wanne wetu hawakuwa na cha taifa, wakatafuta vya kupigia kura chini ya magodoro.

Basi, Agosti 2025 tuliondoka Rungwa alfajiri, kumi na tisa, na Coaster ya kukodi. Hadi Itigi ni vumbi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya ndorobo, na jasho linatiririka. Tulikuwa tumekubaliana kusimama kila baada ya saa mbili kunyoosha miguu, kwa sababu damu ikilala miguuni muda mrefu huweza kuganda. Dawa zote zilikuwa kwenye mikoba ya mkononi, si kwenye mizigo ya juu ya gari. Ukikaribia Itigi miombo inakwisha, unaingia kwenye vile vichaka vizito ambavyo hata mbuzi anapita kwa taabu. Sehemu hizi ndizo wapagazi wa zamani waliziita Mgunda Mkali, kwa uhaba wa maji, walipokuwa wakitoka Tabora na pembe za ndovu kuelekea pwani. Tulimsimulia bibi hayo, akasema babu yake alikuwa akilitaja jina hilo.

Baada ya Manyoni nchi inateremka ghafla kuingia bondeni, unapita Bahi na majaruba yake ya mpunga, na jioni uko Dodoma. Tulilala kwenye hosteli ya kanisa. Ni safi, bei ndogo, na maji ya moto yapo.

Kesho yake tukaenda Hombolo. Ndugu msomaji, mzabibu si mti mkubwa kama tulivyodhani tukisoma Biblia. Ni shina jembamba lililokunjamana, linapandishwa kwenye nguzo na nyaya kama kamba za kuanikia nguo, na vichala vinaning’inia chini ya majani. Wavunaji, wengi wao wanawake, walikuwa wameanza kabla ya jua, kwani jua likipanda zabibu hulegea. Walituonyesha nyekundu inayoitwa Makutupora, na nyeupe iitwayo Chenin Blanc. Kabla ya kuvuna, tone la maji yake huwekwa kwenye kifaa kidogo cha kupimia sukari, ukakitazamia kwenye mwanga kama darubini. Sisi wauguzi tulikizunguka kuliko wengine.

Kwenye mtambo mdogo tuliona namna zabibu zinavyopondwa. Ya rangi nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake, na ndiyo yanayoipa rangi. Nyeupe hukamuliwa, maganda yakatupwa, maji peke yake ndiyo yachachuke. Yule mama wa tumbaku alibaki nje kama tulivyoahidiana. Lakini tulipotoka tulimkuta amekaa chini ya mwembe na mama mwenye shamba, wamezama kwenye mazungumzo. Mama yule wa Hombolo alikuwa akimweleza kwamba zabibu zote huiva kwa pamoja, viwanda haviwezi kuzipokea zote kwa siku moja, na kichala hakingoji. Anayekosa mnunuzi huzikamua kuwa mchuzi wa zabibu, auuze baadaye. Wengine huzianika kuwa zabibu kavu. Mara mbili mavuno yake yameozea shambani. Mwenzetu akamwambia, “Kumbe nyie nanyi mko kama sisi na tumbaku.” Alirudi garini na kilo tatu za zabibu kavu, na njia nzima hakusema neno baya juu ya shamba lile. Juu ya mtambo alisema yaleyale, wala hatukumbishia. Sisi tulifikiria asali yetu, ambayo inaweza kukaa dumuni mwaka mzima ikimngojea mnunuzi.

Treni ilitupitisha Morogoro kabla hatujamaliza karanga. Dar es Salaam tulikaa usiku mmoja tu, ni joto na kelele, hatuna la kusimulia. Asubuhi tukapanda gari kuelekea Bagamoyo, kilometa kama 65 kaskazini.

Bagamoyo ndiko ilikoishia njia ile ya wapagazi iliyopita kwetu. Wako wanaosema jina lake limetokana na kubwaga moyo. Kwa mpagazi ni kufurahi kwamba mzigo umefika, na kwa mtumwa ni kuuacha moyo wake pwani kabla ya kupakiwa jahazini. Wataalamu hawajakubaliana. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Kanisa lao la zamani bado lipo, na kwenye mnara wake ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya watu wake, Chuma na Susi wakiwa vinara, kuubeba kutoka mahali palipo Zambia ya leo. Sisi tulimkumbuka zaidi Halima, mpishi wa msafara ule. Wanaume wana picha zao vitabuni. Halima anatajwa mstari mmoja mmoja, na kila jioni kwa miezi mingi watu walikula.

Bahari tuliifikia alasiri, maji yakiwa yamekupwa. Tulikuwa tumeonyana mapema kwamba hakuna kupita magotini, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea. Wengine walikimbia wakipiga vigelegele kama wasichana. Mmoja aliyaonja maji, akatema, akayaonja tena. Bibi alivua kandambili zake akazishika mkononi, akapandisha kitenge kidogo, akaingia taratibu hadi vifundoni. Wimbi dogo likaja likamlowesha. Alisimama pale muda mrefu, hakutaka kushikwa mkono.

Jioni, tukiwa tunafunga vyandarua, maana mbu wa pwani hawana huruma, tulimkumbusha vidonge vyake. Alisema ameshavinywa tangu saa mbili, na akatuuliza kama maji yale ya chumvi yanafaa kubebwa kwenye chupa, awapelekee wajukuu waonje.